Fundi aliyening'olea breki ya mbele, akanitoza na pesa

Ukimpelekea fundi huyu baiskeli, zihesabu breki zako kabla hujamlipa. Simtaji jina wala sisemi kibanda chake kiko upande gani wa soko, maana ni mtu mzima na ana watoto na wajukuu hapa hapa mjini, lakini wapanda baiskeli wa Malindi wenzangu nadhani mtamjua tu.

Nilimpelekea kwa ajili ya gurudumu la nyuma. Spoki zilikuwa zimekatika na ringi inayumba mpaka inagusa raba za breki kila mzunguko, shwi, shwi, shwi, kutoka Muyeye hadi mjini. Kazi ilikuwa hiyo basi. Breki sikuzitaja kwa sababu zilikuwa nzima zote mbili. Jioni narudi kuichukua, naona usukani upande mmoja ni mtupu. Kishikio hakuna, waya hakuna, na pale kwenye foki palipokaa breki pamebaki tundu.

"Fundi, breki yangu ya mbele iko wapi?"

"Nimekutolea, mwanangu. Hiyo ndiyo inayotupa watu."

"Kwani nilikwambia uitoe?"

"Malindi hii ina mlima gani hata utake breki mbili? Na wewe mwanamke, ukirushwa juu ya usukani na buibui lako hilo, nani atakuokota?"

Vijana waliokaa kwenye benchi wakingoja kuzibiwa pancha wakaangua kicheko. Mmoja akasema yeye hana hata moja, ndala inamtosha, akanyanyua mguu kutuonyesha soli ilivyolika kwa kusuguliwa na tairi. Mzee naye akacheka. Kisha akanipigia hesabu: spoki, kunyoosha ringi, na shilingi 100 za kutoa breki. Shilingi mia, jamani, za kuivua baiskeli yangu breki yake! Magharibi ilikuwa inaadhiniwa, sikuwa na nafasi ya kubishana. Nikalipa, nikaondoka nimefura.

Haikupita muda. Nilikuwa kwenye barabara ya Lamu, mbele yangu tuktuk, na dereva akaona abiria kando ya njia. Mnawajua. Hakuna taa, hakuna mkono, alisimama tu. Nikabana breki ya nyuma, na kishikio kikaja chote mpaka kikagusa usukani, laini, hakuna kilichokizuia. Waya ulikuwa umekatika pale unapobanwa na nati. Hewa yetu hii ya chumvi huanza kuula waya hapo, kwa sababu nyuzi zimepondwa na maji hujificha ndani, na kwa nje hutaona kitu mpaka siku utakapokatika. Vidole vya mkono wa pili vilikwenda vyenyewe kutafuta kishikio cha mbele. Vikafumba hewa. Nilikata kona, nikaishia kwenye mkokoteni wa maji. Mitungi miwili ikamwagika, goti likachubuka, buibui likachanika hadi pajani. Mwenye mkokoteni, Mungu ambariki, hata hakunidai maji yake. Aliniuliza tu, "Dada, huna breki?"

Sasa niseme lile ambalo pale kibandani sikupewa nafasi ya kulisema. Si kweli kwamba breki ya mbele ndiyo mbaya. Ukifunga breki, uzito mwingi hukimbilia mbele, gurudumu la nyuma likawa jepesi, na likiwa jepesi halishiki lami, linaburuzika tu. Kwa hiyo inayosimamisha baiskeli hasa ni ya mbele. Kwa Uingereza sheria ya mwaka 1983 inataka baiskeli ya mtu mzima iwe na breki mbili zinazojitegemea, moja mbele na moja nyuma. Kuna aina moja inayoruhusiwa kubaki na ya mkono moja tu, ile ambayo pedeli haziachi kuzunguka maadamu gurudumu linazunguka, kwa sababu mtu anaweza kuizuia kwa miguu. Na hata hiyo, breki yake moja lazima iwe ya mbele. Ya mbele! Ndiyo hiyo hiyo aliyoing'oa mzee.

Najua hofu yake imetoka wapi, na hapa nitamtetea kidogo. Zile Black Mamba tulizokulia nazo, zenye breki za fimbo za chuma, zilifuata mtindo wa Kiingereza: mkono wa kulia ni breki ya mbele, wa kushoto ya nyuma. Hizi za mtumba kutoka Ulaya bara nyingi zimegeuzwa, kushoto ndiyo mbele. Mtu amezoea Mamba miaka yote, anapanda ya mtumba, anabana kushoto kwa nguvu akidhani ni ya nyuma, anajikuta chini kifudifudi. Anaamka anailaani breki, na fundi anachukua spana. Dawa ilikuwa kubadilisha nyaya mkono, kazi ndogo sana kwa mtu anayejua kunyoosha ringi.

Na kweli, kwenye mchanga ya mbele ina hatari yake. Vichochoro vyetu vya ndani, ukiibana huku unakata kona, gurudumu la mbele linateleza na wewe unalala. Pale nakubali, tumia ya nyuma. Lakini kutumia ya nyuma mahali fulani si sababu ya kuitupa ya mbele! Na mvua za Mei je, ringi za chuma zikilowa, breki mbili zenyewe unazibana huku unaomba dua. Moja itafanya nini? Huo mlima alioniuliza upo, ni tuktuk, ni mbuzi, ni mtoto anayekimbiza tairi.

Nilirudi kwake nikichechemea. Nilikuwa nimejipanga kumwambia maneno. Mzee akaliona goti, akasimama, akasema, "Pole sana, mwanangu, pole," akaweka waya mpya wa nyuma akaupaka grisi, hakutaka hata shilingi. Hasira zikanishuka. Na haki isemwe, ringi yake haijayumba tangu aiguse. Niliigeuza baiskeli miguu juu nikalizungusha gurudumu, raba zinabaki na nafasi ile ile kushoto na kulia mzunguko mzima. Kwa spoki sijaona mkono kama wake mji huu. Nilikuwa tayari kumpa nyota nne, wallahi.

Halafu nikainua macho. Ukutani, kwenye msumari, kati ya cheni kuukuu na pampu, inaning'inia breki yangu. Kishikio, waya na kila kitu, imefungwa kwa uzi, na kikaratasi kimeandikwa 350.

"Fundi, hiyo si yangu?"

"Hiyo? Hiyo ya mtu mwingine, mwanangu."

Ya mtu mwingine! Binti yangu alikipaka kishikio kile rangi ya kucha nyekundu kwenye ncha, na rangi bado ipo. Nikamwonyesha. Akasema rangi za kucha ziko nyingi.

Nyota moja, na hiyo ni ya ringi. Mwenye spoki zilizokatika ampelekee gurudumu peke yake, baiskeli aiache nyumbani. Na ukipita pale ukaiona breki ya alumini yenye doa jekundu kwenye kishikio, tafadhali usiinunue. Naenda kuichukua Ijumaa na mume wangu.