Matoleo ya "21" ya Adele: lipi la kununua, na lipi litakutia hasira kwenye wimbo wa mwisho

Malalamiko ninayoletewa kuhusu albamu ya pili ya Adele yanafanana mno. Mtu kanunua santuri mpya, plastiki haijachanwa, kaisikiliza kwa raha mpaka kafika "Someone Like You", na piano ikaanza kuyumba. Inapanda kidogo, inashuka kidogo, kama imerekodiwa ndani ya mashua. Akimrudia muuzaji anaambiwa mashine yake ndiyo mbovu. Mara nyingi mashine haina kosa lolote.

Kwa hiyo sitagusa rangi ya santuri, gramu zake wala kava linalofunguka kama kitabu. Wala sina haja ya kumshawishi mtu kuhusu albamu yenyewe: ilitoka Januari 2011, ikakaa namba moja Marekani kwa jumla ya wiki 24, na Februari 2012 ikazoa Grammy sita, ikiwamo ya Albamu ya Mwaka. Kwa sikio langu katikati pamelala kidogo, na huo wimbo wa bendi ya The Cure alioimba upya ningeuacha. Lakini watu wanainunua kwa ajili ya wimbo wa kwanza na wa mwisho, na hapo ndipo shida inapozaliwa.

Santuri huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mwanzo hadi mwisho, ila duara la nje ni refu kuliko la ndani. Pembeni, sindano hupita takriban sentimita 50 za mfuo, yaani ule mstari uliochongwa wenye sauti, kwa sekunde. Karibu na lebo ya katikati hupita kama 20 tu. Muziki ule ule umebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na herufi "s" za mwimbaji zinaanza kukwaruza. Juu ya hapo, tundu la katikati likitobolewa pembeni hata kwa milimita moja, sauti hupanda na kushuka kila mzunguko, yaani kila sekunde 1.8, na kadiri sindano inavyoingia ndani ndivyo kuyumba kunavyozidi.

"Rolling in the Deep" inafungua upande wa kwanza, mahali pazuri kuliko pote kwenye santuri. "Someone Like You", aliyoiandika na Dan Wilson, inafunga upande wa pili, mahali pabaya kuliko pote. Albamu ni ya dakika 48 kwenye santuri moja, hivyo nafasi ya kupumua haipo. Na wimbo huo ni sauti na piano, basi. Ngoma na gitaa zingeweza kuficha kuyumba. Noti ya piano ikishapigwa haitakiwi kupinda, na hata asiyejua muziki anasikia kuna kitu hakiko sawa.

Namba moja kwangu, basi, ni CD ya kawaida ya XL Recordings. Ndiyo, CD. Wimbo wa 11 unasikika safi kama wa kwanza. Sauti imesukumwa juu mno, kama ulivyokuwa mtindo wa miaka ile, na Adele akipaza sana unasikia ukali masikioni, hilo nalikubali. Natangaza pia kwamba kwa XL nina upendeleo. Ni lebo huru ya London, ile ile ya The Prodigy, iliyomsaini Adele, binti wa Tottenham, akiwa hajulikani na kumwacha aimbe anavyotaka. Marekani albamu ilitolewa na Columbia. Nikizikuta zote mbili mezani nachukua ya XL, na sina hoja ya kisayansi ya kukupa.

Ya pili ni Live at the Royal Albert Hall, iliyorekodiwa Septemba 2011, CD na DVD pamoja. Sehemu kubwa ya nyimbo za "21" zimo, na kwenye "Someone Like You" ukumbi mzima unamwitikia. Mimi ningeanza na hiyo kabla ya santuri yoyote.

Santuri ni ya tatu, tena kwa masharti. Nunua pale tu wanapokubali kurudishiwa. Siku ile ile, iweke, ruka mpaka wimbo wa mwisho, inama uangalie kichwa cha sindano kwa ubavu. Kikicheza kushoto na kulia kila mzunguko, tundu limekosewa, ifungashe uirudishe. Ikiwa kichwa kimetulia lakini "s" zinakwaruza, tatizo huenda ni sindano yako. Wenye vichwa vya sindano vya Audio-Technica aina ya VM95 wana bahati: unachomoa sindano ya kawaida na kuchomeka ya ML, yenye ncha nyembamba zaidi, kwenye kichwa kile kile, na mifuo ya ndani inasomeka vizuri zaidi.

Matoleo maalumu yenye nyimbo za ziada nayaweka chini. "If It Hadn't Been for Love" ni nzuri, lakini imo pia kwenye tamasha la Albert Hall.

Kusikiliza kwa intaneti: inatosha, haiyumbi.

Sasa wauzaji. Wanapima santuri kwa macho, chini ya taa, halafu wanaandika "kama mpya". Hakuna anayeandika kuhusu tundu, kwa sababu hakuna aliyeicheza. Nakala iliyofungwa ndiyo wanayoipandishia bei, ilhali ndiyo ambayo hakuna binadamu anayejua inasikikaje. Ukiifungua ukagundua piano inayumba, wanakataa kuipokea kwa kuwa imefunguliwa! Na wengine wana ujasiri wa kuiita "adimu", albamu iliyouza nakala zaidi ya milioni 30. Ukiona neno hilo kwenye tangazo, muulize muuzaji swali moja: wimbo wa mwisho umeusikiliza? Akianza kukueleza habari za kava, tafuta mwingine.