Seti ya gita la umeme kwa anayeanza: boksi limejaa, kazi haijamalizwa

Seti tunayoizungumzia hapa karibu kila kampuni ya magita inayo: boksi moja refu lenye gita la umeme la umbo la Stratocaster (modeli maarufu ya kampuni ya Fender), ampu (kikuza sauti chenye spika) ya wati 10, kebo ya mita 3, mkanda, mfuko mwepesi, piki mbili tatu (vipande vya plastiki vya kupigia nyuzi), na nyuzi za akiba kama una bahati. Jina lililoandikwa kichwani hutofautiana, lakini ukifungua bamba la mbele utakuta vitu vya ndani vinafanana mno. Alama zetu ni 3 kwa 5 kwa mnunuzi aliye tayari kushika bisibisi kwa saa moja, na 1 kwa atakayelipiga kama lilivyotoka kwenye boksi.

Pengo hilo kati ya 3 na 1 si jambo dogo kwa chombo hiki. Juni 2017 gazeti la Washington Post liliandika kwamba mauzo ya magita ya umeme Marekani yalishuka ndani ya miaka kumi kutoka takriban milioni 1.5 kwa mwaka hadi milioni 1 na ushei. Tarehe 1 Mei 2018 kampuni ya magita ya Gibson ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, ingawa tuitendee haki: kilichoizamisha ni madeni ya kununua biashara za vifaa vya sauti vya nyumbani, na magita yake yaliendelea kuuzika. Ukaja mwaka 2020, watu wakafungiwa majumbani, na Fender ikauza kuliko mwaka wowote uliotangulia katika historia yake. Kwa hiyo wanunuzi wapo. Shida iko kwa wanaobaki. Andy Mooney, akiwa mkurugenzi mkuu wa Fender, alisema kwamba karibu asilimia 90 ya wanaoanza huacha ndani ya mwaka wa kwanza. Lawama hutupiwa kompyuta, midundo ya programu na nyimbo zisizo na solo, na kweli hayo yamechangia. Lakini seti ya kuanzia nayo ina lake la kujibu, na la kwake linaweza kupimwa kwa rula.

Tuanze na gita. Kiwiliwili ni mbao laini, mara nyingi vipande kadhaa vilivyogundishwa na kufunikwa rangi nzito. Hilo lisikunyime usingizi. Kwenye gita la umeme, mbao ya kiwiliwili ni jambo la mwisho kulalamikia. Shingo imefungwa kwa skrubu nne, ina freti (vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) 21 au 22, na urefu wa uzi unaotetema ni milimita 648. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo kuanzia juu hadi chini. Ukihisi ncha za freti zinakwaruza, mbao ilikauka na kusinyaa baada ya kutoka kiwandani, ila chuma hakikusinyaa. Tupa ndogo bapa na msasa laini humaliza kazi hiyo, mradi ubandike tepu ya karatasi kwenye mbao kwanza.

Pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya zinazonasa mtetemo wa nyuzi, ni tatu za koili moja. Zina sauti safi kuliko bei yake, lakini zinavuma ukikaa karibu na chaja au taa za LED, kwa sababu koili moja hunasa mvumo wa umeme wa nyumba kama inavyonasa mtetemo wa uzi. Dawa ilipatikana zamani: Seth Lover wa Gibson alibuni pikapu ya koili mbili mwaka 1955, koili moja ikifuta mvumo wa nyingine. Ukipewa kuchagua kati ya seti mbili za bei moja, chukua ile yenye koili mbili karibu na daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye kiwiliwili. Utaishukuru siku utakapoanza kutumia sauti ya kukwaruza, ile nzito ya roki.

Sasa yale yanayofukuza watu.

Kasoro mbaya kuliko zote imejificha kwenye kizingiti cha nyuzi, kile kipande cha plastiki chenye mifereji sita mpakani mwa shingo na kichwa. Viwandani mifereji hiyo huachwa na kina kidogo, maana uzi ulio juu mno hautoi kelele yoyote dukani, ilhali ulio chini mno huchakarika na mteja analirudisha gita siku hiyo hiyo. Anayeanza ndiye anayelipia hesabu hiyo. Kwenye freti ya kwanza kidole chake kinasukuma uzi mbali mno, uzi unavutika, noti inapanda. Kodi ya F (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inamuuma vidole na bado inatoka chafu, naye anaamini vidole vyake ndivyo vibovu.

Kupima ni rahisi. Bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, kisha tazama nafasi inayobaki kati ya uzi na freti ya 1. Karatasi moja ya kuchapia, yenye unene wa kama milimita 0.1, ipite kwa shida. Zikipita tatu kwa pamoja, mfereji unahitaji kuchimbwa. Rudia kwa nyuzi zote sita, kwa sababu kwenye seti hizi utakuta mmoja uko sawa na jirani yake yuko juu. Hii ndiyo kazi pekee tunayoshauri apewe fundi: tupa za mifereji zina upana tofauti kwa kila uzi, na ukipitiliza inabidi kubadilisha kipande kizima.

Mengine yote unayafanya mezani, ila kwa mpangilio: nyuzi mpya, shingo, kimo cha nyuzi, halafu urefu wa uzi. Ukianzia mwisho utarudia.

Nyuzi zilizokuja na gita zitoe. Zimekaa kwenye boksi miezi mingi na mara nyingi zina kutu isiyoonekana, utaihisi tu kidole kikiteleza. Weka seti ya 9 hadi 42, namba ambazo ni unene wa uzi mwembamba na mnene kwa sehemu za elfu za inchi. Ziache zizunguke kigingi mara mbili au tatu, zaidi ya hapo mizunguko hulegea yenyewe. Sugua ncha ya penseli ndani ya mifereji ya kizingiti ili uzi uteleze. Kaza hadi noti zake (E, A, D, G, B, E), kisha uvute kila uzi kwa vidole kutoka kwenye shingo, sentimita moja hivi, ukaze tena, uvute tena, mpaka usishuke. Malalamiko mengi ya gita kutoshika tyuni, yaani nyuzi kutobaki kwenye noti zake, huishia hapa, na vigingi vilivyolaumiwa havikuwa na kosa.

Shingo ina chuma ndani yake kinachopambana na mvuto wa nyuzi, ambao kwa seti hiyo ni karibu kilo 39 zikiwa zimekazwa. Kaba nyuzi kwenye freti ya 1 kwa kapo (kibano cha shingo), bonyeza uzi mnene pale shingo inapoingia kwenye kiwiliwili, na uangalie nafasi juu ya freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa milimita 0.2 hadi 0.25. Ikizidi, kaza chuma kwa ufunguo wa aleni, ukizungusha kwa mwendo wa saa. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, legeza. Robo ya mzunguko kwa wakati mmoja, kisha tyuni upya na upime. Ufunguo ukigoma, usiulazimishe. Chuma kilichokatika ndani ya shingo kitakugharimu shingo nzima, na shingo ndilo gita.

Kimo cha nyuzi pima kwenye freti ya 12, kutoka mgongo wa freti hadi chini ya uzi: milimita 2 kwa uzi mnene, 1.5 kwa mwembamba, na za katikati zifuate mteremko huo taratibu. Magita ya seti tunayoyaona hutoka na milimita 3 au zaidi. Tofauti hiyo ya milimita moja ndiyo inayomfanya mtu aseme ana vidole dhaifu. Kila kipande cha daraja kinachobeba uzi kina skrubu mbili ndogo za aleni. Zishushe sawasawa ili kipande kisilale upande. Uzi ukianza kuchakarika kwenye freti moja tu huku nyingine ziko sawa, freti hiyo imeinuka, na hapo kushusha zaidi hakutasaidia.

Mwisho ni urefu wa uzi. Gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 upate haromoni, mlio mwembamba kama wa kengele, kisha ubonyeze hapo hapo upige noti; mbili hizo zinatakiwa kulingana. Tyuna (kifaa cha kupimia noti) ikionyesha noti iliyobonyezwa iko juu, rudisha kipande cha daraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kumbuka kulegeza uzi kabla ya kuzungusha skrubu, la sivyo kichwa cha skrubu kitalika.

Halafu kuna mkono wa tremolo, kile chuma cha kutikisia daraja ili noti ziyumbe. Kwa maoni yetu usingekuwepo kabisa kwenye gita la kuanzia. Daraja linaloelea juu ya springi hubadilisha tyuni ya nyuzi zote ukigusa mmoja, na anayeanza hajui kama tatizo ni yeye au chombo. Fungua bamba la nyuma, kaza skrubu mbili zinazoshika springi mpaka daraja lilale bapa juu ya mbao, na mkono wenyewe uutie droo. Ukipata seti yenye daraja lisilocheza, imeanza vizuri kuliko hii.

Vitu viwili vidogo kabla ya kuacha gita. Pikapu zikiwa juu mno, sumaku huvuta nyuzi na noti ndefu inatoka kama inayumba, hasa uzi mnene kwenye freti za juu. Bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho na uache nafasi ya milimita 2 hadi 2.5 kati ya uzi na pikapu. Na nati ya jeki, tundu la kuchomekea kebo, hulegea mapema mno. Watu huizungusha kwa vidole kutoka nje, jeki nzima inazunguka ndani, waya unakatika, gita linakuwa bubu. Fungua kibamba, shika jeki kwa mkono mmoja, kaza kwa mwingine.

Ampu ndiyo sehemu dhaifu ya boksi. Wati 10 zinatosha chumbani, tena zinazidi. Ubaya uko kwenye spika ya inchi 6 na kitufe cha sauti ya kukwaruza, ambacho hutoa mlio wa nyuki ndani ya kopo bila kujali umekizungusha wapi. Sauti safi inavumilika: weka treble (sauti nyembamba) chini ya nusu, besi juu kidogo ya nusu, na uinue ampu kutoka sakafuni. Mtu aliyevutiwa na gita kwa sababu ya sauti nzito ya roki, akasikia hiki, ana kila sababu ya kurudi kwenye kompyuta yake, ambako sauti kumi bora zaidi zinamsubiri bure. Kwa maoni yetu hapa ndipo kampuni zilipojimaliza zenyewe. Ampu ndogo za kidijitali zinazoiga ampu kubwa zipo miaka mingi sasa, zina tundu la hedifoni na nyingine hupokea wimbo kwa Bluetooth, na kumpigisha mtu pamoja na wimbo anaoupenda ni nusu ya mafunzo.

Kwa hiyo kama duka linakubali kuvunja seti, chukua gita peke yake na fedha ya ampu uiweke kwenye kifaa cha aina hiyo, au kwenye kiunganishi cha USB chenye ingizo la gita ikiwa kompyuta unayo tayari. Hakikisha ingizo hilo limeandikwa kuwa la ala. La maikrofoni halifai, sauti itatoka hafifu na yenye ukungu.

Vilivyobaki havihitaji maneno mengi. Mfuko hauzuii hata vumbi, seuze kugongwa. Mkanda hutoka kwenye kitufe chake, na pete za mpira zilizobanwa juu yake hulizuia gita lisianguke. Kebo itakufa kwenye shingo ya plagi kwa sababu plagi zake zimemiminwa plastiki na haziwezi kufunguliwa kulehemiwa upya. Inayofuata nunua yenye plagi za kufungua. Tyuna ya kubana kichwani, kama haimo, ongeza siku hiyo hiyo, na usitegemee ya simu kwenye chumba chenye kelele, kwani maikrofoni husikia kila kitu ilhali ya kubana inahisi mtetemo wa mbao tu.

Wanaonunulia mtoto wa chini ya miaka kumi waiache seti hii na kutafuta gita fupi, la urefu wa uzi wa milimita 570 hadi 610. Nyuzi zile zile zikiwa kwenye urefu mfupi hulegea kidogo kwa noti ile ile, na freti husogeleana. Watu wazima wenye viganja vidogo nao wasione haya kulijaribu.