Sensa za upepo wa tairi kwa HiAce na trela, nishatumia miezi minane

Mie kazi yangu ni kukodisha hema na viti vya harusi hapa Mombasa, nina HiAce na nyuma navuta trela ya ekseli moja, so tairi za chini ni sita. Mwaka jana tairi ya trela ilinipasukia nikishapita Maungu na wallahi sikuhisi kitu. Gari yaenda sawa, stelingi haivuti, redio yaimba, mpaka lori moja ikanipiga taa mara tatu nne ndio nikatizama kioo nikaona moshi. Kushuka nakuta tairi imebaki nyuzi nyuzi, rimu imeliwa, madigadi imejikunja ikakata miguu ya viti kumi na mbili. Na harusi ya watu Voi yangoja.

Tairi ya gari ikiisha upepo utaijua tu, gari italalia upande. Ya trela haikwambii. Hapo ndipo nikaenda kununua hizi sensa, seti ya sita kwa elfu 9, jina la kampuni silitaji maana kuna mambo ntayasema mbele.

Ni zile za kufunga kwa nje, unatoa kofia ya valvu unazungusha sensa pahala pake, na skrini ndogo ya sola inakaa kwa dashibodi inakuonyesha presha na joto la kila tairi. Kufunga dakika kumi. Lakini ukishafunga paka povu la sabuni pale shingoni, moja yangu ilikuwa yavuja taratibu, ningelala nikaamka na tairi chapati.

Kuseti ndio kulinitoa jasho, na kosa lilikuwa langu. Asubuhi nyumbani tairi za nyuma nimeweka presha ya 48 PSI, nafika Mazeras jua limeshawaka na mzigo umejaa, skrini yapiga kelele ati presha imezidi, 55. Mie nikashuka nikazitoa upepo zikarudi 48, nikajiona fundi. Kesho yake asubuhi zimepoa nazikuta 41! Kumbe tairi ikipata moto presha hupanda yenyewe, unapima na kujaza ikiwa baridi basi, na alamu ya juu unaiweka mbali kidogo. Sasa hivi yangu iko 60 juu na 42 chini na haijanisumbua tena.

Hiyo ya chini usiiwache alivyoiweka muuzaji. Kule Marekani magari madogo yote kuanzia modeli ya 2008 sheria inalazimisha yawe na taa ya upepo, lakini ile taa inatakiwa iwake presha ikishuka asilimia 25, yaani kwa 48 yangu ingewaka kwenye 36. Na trela imejaa nguzo za hema, 36 ni umeshachelewa. Afadhali kuiona namba yenyewe ikishuka.

Na niliiona. Mwezi wa pili nyuma, nakaribia Mackinnon Road, tairi ya trela kushoto ilikuwa 53, nikatupa jicho 50, nikamaliza kuipita lori moja 47, kijana wangu akaniambia "Bosi, hii yashuka." Nikasimama pembeni, tukasikia kabisa yapuliza, skrubu ndefu imezama katikati ya tairi. Tukaweka spea, pancha tukaziba Voi kwa mia tatu, viti vyote vizima. Kwangu elfu 9 ilirudi siku hiyo.

Haya, sasa ubaya wake. Mwanzo skrini ilikuwa yapoteza tairi za trela, mara zaonyesha mara vistari, maana HiAce ni bati tupu na trela iko mbali. Ikabidi ninunue ripita, kidude cha kuongeza signo, nikakifunga nyuma nikachukua moto kwa waya wa taa za trela. Kwa seti inayouzwa kwa watu wa trela kilitakiwa kiwe ndani ya boksi, hilo liliniudhi.

La pili ni chumvi. Naegesha Mtwapa, bahari iko pale. Baada ya miezi minne sensa mbili ziling'ang'ania kwa valvu, fundi wa pancha akaja na plaizi, kuzungusha mara moja valvu nzima ikavunjika shingo. Valvu ya mpira haitaki uzito huo, nikabadilisha zote sita nikaweka za chuma. Sasa napaka grisi kidogo kwa thredi na kila mwezi nazifungua nazirudisha. Kazi ya kipuzi lakini nimeizoea.

Na kila ukitaka kujaza upepo lazima utoe sensa, na ukiwa umefunga nati ya kuzuia wezi wataka spana yake ndogo, vijana wa petroli stesheni wakikuona tu wanakunja uso. Ile nati mie nimeiweka tairi za trela peke yake, ndio inalala nje.

Betri ni za vidonge, CR1632, nimebadilisha moja tu.

Kama una gari tupu huvuti kitu, mie singekwambia ununue, pima kwa mkono kila wiki yatosha. Mwenye trela au anayevuta gari nyingine nyuma, nunua, ila ulizia ripita kabla hujalipa. Sasa natafuta sensa ya saba ya spea, maana siku ile tulipoishusha ilikuwa 30 na hakuna aliyejua. Mwenye kujua wanaouza moja moja hapa mjini anambie.