Fomu ya bima isiyotaka jina langu

Bima yenyewe sina neno nayo, bei ni nzuri. Fomu yao ya kujisajili mtandaoni ndiyo naipa nyota moja.

Jina langu la ukoo lina ng'. Nikabonyeza kutuma, hakikutokea kitu. Kumbe juu kabisa ya ukurasa kulikuwa na maandishi mekundu, "herufi batili", bila kutaja ni herufi ipi wala kisanduku kipi. Nikaondoa ritifaa, ikapita. Lakini jina hilo sasa halilingani na la kwenye kitambulisho, na kampuni za bima tunazijua siku ya kudai fidia!

Namba ya simu ukiiandika kwa nafasi inakataliwa, ilhali programu inaweza kuziondoa nafasi hizo yenyewe. Mwaka wa kuzaliwa unausaka kwenye orodha inayoanzia mwaka huu, kana kwamba wateja wao ni vichanga. Anwani waliniuliza ukurasa wa pili, wakarudia wa nne. Mwongozo wa WCAG 2.2 wa mwaka 2023, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, unataka taarifa uliyokwisha kuitoa ijazwe yenyewe, au uichague tu bila kuiandika upya. Sidhani kama kuna aliyeusoma pale.

Nikiwa natafuta picha ya kitambulisho, muda ukaisha. Hakuna onyo, visanduku vyote vitupu.

Nikapiga simu. Dada aliyepokea alinisajili kwa upole, ritifaa ikiwemo. Mkiitaka bima hii, pigeni simu.