Live at the Regal ya B.B. King: dakika 35 za kumfundisha mpiga solo kunyamaza

Sahani hii ya santuri ya B.B. King, mwimbaji na mpiga gita wa blues, muziki wa weusi wa Marekani, ina nyimbo 10, dakika 35 hivi. Mechi ya mpira ingekuwa haijafika mapumziko. Kwa bei wanayouza sahani mpya siku hizi, mtu ana haki ya kuuliza kama hapo hajapigwa. Mimi nasema hajapigwa, na nitaeleza. Ila kwanza ujue nasikiliza kwa sikio gani: napiga gita la solo katika bendi ya dansi hapa Dar, kazi za harusi na hoteli, na mchana nafundisha vijana wachache nyumbani. Mambo ya blues sikuyasomea popote. Ninachokijua ni solo, na sahani hii ni ya watu wa solo.

Nakala yangu ni chapa mpya, kaniletea shemeji yangu anayeendesha malori Marekani. Duka lililomuuzia liliifunga ovyo, ikafika imepinda ukingoni, kwa hiyo kwenye wimbo wa kwanza unaiona sindano inapanda na kushuka. Hairuki, nashukuru. Ukiagiza ya kwako, kazania iwekwe kwenye boksi gumu. Sauti yenyewe ni safi kwa kazi ya zamani namna hii: tarumbeta na saksafoni ziko mbele, drams kavu, piano imezama kidogo. Lakini kinachosikika kuliko vyote ni watu, na pesa yako imekwenda hapo.

Ilirekodiwa tarehe 21 Novemba 1964 katika ukumbi wa Regal, Mtaa wa 47, kusini mwa jiji la Chicago, ikatoka mwaka uliofuata chini ya kampuni ya rekodi ya ABC-Paramount. Mtayarishaji alikuwa Johnny Pate. Regal ulikuwa ukumbi wa watu weusi, ukafunguliwa 1928 na kubomolewa 1973, kwa hiyo ukifika Chicago usijisumbue kuutafuta. Wengi wa watu waliojaa kusini mwa jiji lile, wao au wazazi wao, walipanda treni ya Illinois Central kutoka Mississippi kwenda kutafuta kazi kwenye machinjio na viwanda. Na mtu aliyesimama jukwaani usiku ule alitoka kulekule kwenye pamba.

Riley B. King alizaliwa tarehe 16 Septemba 1925 karibu na Itta Bena, Mississippi. Wazazi walitengana akiwa mdogo, mama akafariki mtoto ana miaka 9, na bibi aliyemlea akafariki 1940. Gita lake la kwanza lilikuwa la dola 15, ambazo ndizo zilikuwa mshahara wake wa mwezi mzima. Baadaye akawa dereva wa trekta kwenye shamba la pamba Indianola, na siku za mapumziko anasimama kwenye kona ya mtaa na gita lake. Mwenyewe alisimulia mara nyingi kilichotokea pale: akipiga wimbo wa injili, mtu anampapasa kichwa, anamsifu, anaondoka, akipiga blues, mtu anatoa senti. Sisi tunaoishi kwa kutunzwa hatuhitaji kufafanuliwa hesabu hiyo.

Mwaka 1946 alivunja bomba la moshi la trekta la bosi. Akaogopa, akakimbilia Memphis kwa Bukka White, mpiga blues aliyekuwa binamu ya mama yake. Alirudi baadaye, akalipa deni, kisha 1948 akaondoka moja kwa moja. Redio ndiyo iliyomtoa. Kituo cha WDIA cha Memphis kilikuwa cha kwanza Marekani kuelekeza vipindi vyake vyote kwa weusi, ingawa wenye mali walikuwa wazungu. Kazi ya kwanza waliyompa ilikuwa kuimba tangazo la Pepticon, dawa ya chupa ya kujenga mwili ambayo ndani yake kulikuwa na pombe ya kutosha kumfurahisha mzee yeyote. Wasikilizaji wakamwita Beale Street Blues Boy, kwa jina la mtaa wa muziki wa Memphis, jina likakatwa likawa Blues Boy, likakatwa tena zikabaki herufi mbili, B.B.

Haya mambo nayaleta kwa sababu yamo ndani ya sahani. Mtu aliyefundishwa kazi na redio anajua kuongea na msikilizaji. Baada ya wimbo wa ufunguzi, uliopigwa kwa kasi ya kuwaamsha watu vitini, anashika maikrofoni na kuwaambia anarudi kwenye blues za zamani, na akipiga mnaoukumbuka mpige kelele. Basi. Hapo ndipo anapiga sauti za kwanza za Sweet Little Angel, na akina mama wa Regal wanapiga ukelele ambao mpaka leo nikiusikia kwenye spika nageuza shingo.

Sasa nije kwenye gita lenyewe. B.B. King alisema waziwazi kwamba hawezi kuimba na kupiga kwa wakati mmoja, na sahani nzima inathibitisha. Anaimba mstari, ananyamaza, gita linajibu, gita linanyamaza, anaimba. Gita haliingii hata mara moja kwenye neno lake. Kubana nyuzi nyingi kwa pamoja ili kujaza nafasi, hilo kalikwepa kabisa; kazi hiyo kawaachia piano na pulizo. Yeye anachukua uzi mmoja, anauvuta juu mpaka sauti ifike anapotaka, kisha anautetemesha kwa kidole huku kiganja kikicheza hewani. Sauti moja. Mpiga solo wa hapa kwetu angekuwa ameshaweka kumi na tano, na mimi nimo. Dansi letu limejengwa juu ya magita yasiyopumzika, solo na ridhimu yanafukuzana mwanzo mwisho, na ni raha yake. Lakini kijana aliyekulia humo akisikia mtu anaacha nafasi tupu hivi, na ukumbi unapiga kelele ndani ya ile nafasi, anakaa chini. Nimewaona wakikaa.

Kilele ni How Blue Can You Get, wa nne upande wa kwanza. Wimbo si wake, ulirekodiwa na wengine tangu 1949, lakini baada ya usiku ule hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Anaanza polepole kulalamikia mwanamke. Kisha bendi inaacha kutiririka, inabaki kupiga pigo moja moja, na yeye anaorodhesha madai: nilikununulia Ford mpya, ukasema unataka Cadillac, nikakulisha chakula cha dola kumi, ukasema asante kwa kuonja, nikakuweka kwenye nyumba ya ghorofani, ukasema ni kibanda. Kila dai watu wanapanda. Halafu anafika: nimekupa watoto saba, na sasa unataka kunirudishia. Kelele inayofuata hakuna fundi anayeweza kuitengeneza studio. Sikiliza jinsi anavyolivuta neno la mwisho mpaka sauti inachanika, na bendi inamngoja bila haraka. Sonny Freeman kwenye drams anajua hasa sekunde ya kurudi. Nimewahi kuirudisha sindano mahali hapo hadi mke wangu akaniuliza kama sahani imeharibika.

Upande wa pili una Worry, Worry, wimbo mrefu kuliko yote, na hapo gita linatangulia kwa muda mrefu kabla hajafungua mdomo. Akiimba, anapanda kwenye sauti nyembamba ya juu kisha anaanguka chini ghafla. Katikati anageuka mshauri wa ndoa. Anawaambia wanaume, mkeo akikukosea usimpige, maana utamfanya awe mjanja tu, mara nyingine hutamkamata; ongea naye kwa upole. Ukumbi unacheka, akina mama wanaitikia. Ushauri wenyewe una kasoro zake, sababu anayotoa ya kutopiga si sababu ninayoipenda. Lakini namna anavyoisema, akipima kila sentensi kwa kelele inayorudi, ni ya mtu aliyepitia kumbi nyingi mno. Mwaka 1956 peke yake alipiga maonyesho 342. Hesabu mwenyewe siku za mwaka zilizobaki.

Gita lake aliliita Lucille, na wengi wanajua jina bila kujua kisa. Mwaka 1949, kijiji cha Twist, Arkansas, alikuwa anapiga kwenye ukumbi wa mbao uliopashwa joto kwa pipa la mafuta ya taa lililowashwa katikati ya sakafu. Wanaume wawili wakagombana, pipa likapinduka, moto. Alishatoka nje salama ndipo akakumbuka gita, akarudi ndani kulichukua. Kesho yake akaambiwa ugomvi ulikuwa wa mwanamke anayeitwa Lucille. Akalibatiza gita jina hilo, na kila lililofuata, ili asirudie upumbavu wa namna ile.

Kuna jambo moja linalonikera, na si kosa la sahani hii peke yake. Geuza rekodi zake za miaka ya 1950 utaona kando ya jina lake kama mtunzi limeandikwa jina Taub. Hakuna mwanamuziki wa jina hilo. Ilikuwa lakabu ya mmoja wa ndugu wa familia ya Bihari, wenye kampuni ya rekodi ya RPM aliyorekodia, waliojiandika kwenye nyimbo ili nusu ya mirabaha iwarudie. Hata 3 O'Clock Blues, uliomfikisha namba moja kwenye chati ya weusi mwaka 1952, ulikwenda hivyo, ilhali Lowell Fulson alishaurekodi kabla yake. Mwanamuziki wa hapa aliyewahi kukuta jina la meneja kwenye wimbo wake atasoma lebo hizo polepole.

Ubaya sasa. Ni fupi, nimeshasema. Wimbo wa mwisho, Help the Poor, una mdundo wa Kilatini ambao redio za wakati ule zilipenda, na baada ya joto lote lile unaniacha nje. Piano ya Duke Jethro ilistahili kusikika zaidi. Na ukitaka maelezo ya mtu na maisha yake kwenye jalada, utapata machache. King mwenyewe hakuona kwa nini watu wanaishika hivi. Alisema amepiga maonyesho mengi mazuri kuliko hilo. Inawezekana. Hayakurekodiwa.

Kumbuka pia ilikuja wakati gani. Mwaka 1964 vijana weusi walishahamia soul, muziki mpya zaidi wa weusi, blues ikawa kitu cha wazazi kinachonuka shamba, na King alishawahi kuzomewa na vijana wa rangi yake mwenyewe. Miaka michache baadaye ukumbi wa vijana wa kizungu kule San Francisco ulisimama kumpigia makofi hata kabla hajagusa uzi, akalia. Mwaka 1969 akaenda ziarani na bendi ya Waingereza, Rolling Stones, akarekodi The Thrill Is Gone ikiwa na vinanda vya nyuzi nyuma yake, na jina likazunguka dunia. Septemba 1974 alifika Kinshasa, kwenye tamasha lililopangwa kusindikiza pambano la Muhammad Ali na George Foreman, jukwaa lilelile lililobeba Franco, Miriam Makeba na James Brown. Foreman alikuwa amepasuka juu ya jicho mazoezini, ngumi zikaahirishwa hadi 30 Oktoba, muziki ukaendelea. Aliendelea kuzunguka akiwa na kisukari, hadi kwenye televisheni za Marekani akatangaza kipimo cha sukari, na tuzo za Grammy zikafika 15. Alifariki Las Vegas tarehe 14 Mei 2015, umri miaka 89, akazikwa Indianola, kwenye eneo la jumba la makumbusho yake. Ndani ya jumba hilo limo jengo la matofali la kuchambulia pamba ambalo aliwahi kufanya kazi.

Kama huna mashine ya sahani, usijibane kununua moja kwa ajili ya hii. Isikilize kwenye simu, lakini zima ile sehemu ya kuchanganya nyimbo, kwa sababu Sweet Little Angel, It's My Own Fault na How Blue Can You Get zimeunganishwa, na ukizikata unapoteza safari nzima ya ukumbi kupanda. Tumia spika au hedifoni zinazotoa besi, maana spika ya simu inameza drams zote.

Ukiimaliza na ukataka nyingine, tafuta ile aliyorekodi katika jela ya Kaunti ya Cook, hapohapo Chicago, tarehe 10 Septemba 1970. Inaanza na wafungwa wakimzomea sherifu anapotambulishwa, na The Thrill Is Gone imo. Gita lake humo lina hasira zaidi. Ila kama pesa iliyopo ni ya sahani moja, chukua ya Regal.