Ukuta ya chuma ya fundi wa Kamalondo: miezi 5 tuko nayo, njo vile naiona

Bandugu makocha, muliniuliza mara mingi juu ya ile ukuta ya chuma tuko nayo ku mazoezi, sasa naandika yote mara moja. Niko nafundisha batoto ba chini ya miaka 17 mu Katuba, hapa Lubumbashi. Mu mwezi wa tano tulichanga pesa na bazazi, tukaenda ku fundi mumoja wa kuchomelea vyuma mu Kamalondo atutengenezee "batu" batano ba kusimama mbele ya mupira wa adhabu (coup franc, si penalti), mahali ya bachezaji benye banajipanga kama ukuta kusaidia kipa. Moja dola 16, zote 80, tukazileta na pusupusu mpaka ku kiwanja. Ni bomba mbili za chuma zimesimama, katikati nyavu ya zamani ya goli imefungwa na waya, chini miguu ya chuma. Urefu mita 1.80.

Kwa nini tuliitaka? Juu mwaka jana tulitoka ku mashindano na mupira wa adhabu, na kosa haikuwa ya miguu, ilikuwa ya macho. Kipa wetu ni mutoto mwenye mikono mirefu, anaruka muzuri, lakini siku ile alipanga batu bane katikati kabisa ya goli, alizani ukuta ni ya kufunika katikati, mupira ukapita nje ya mutu wa mwisho ukaingia upande wa nguzo ya goli yenye iko karibu na mupira, na kipa alikuwa nyuma ya migongo ya benzake haoni kitu. Alilia. Na ku mazoezi hatukuweza kumufundisha vizuri, juu ukiweka batoto basimame kama ukuta dakika 30 hakuna mwenye anakubali, banageuza mugongo, banafunga macho, baada ya mashuti matatu ukuta imevunjika.

Chuma haichoki, njo faida yake ya kwanza. Faida kubwa yenyewe niliiona siku ya pili. Niliweka mupira mita 20 hivi upande wa kushoto, nikamwambia kipa panga mwenyewe. Akapanga. Nikamutuma aende kwenye mupira alale chini kabisa, aangalie goli vile mupira unaliona. Akanyamaza, akasema "Kocha, nguzo yote iko wazi." Hii kitu huwezi kuifanya na batu, juu ukiondoka banasogea, lakini chuma inakungojea mahali uliiacha, utatoka ku nguzo utaenda ku mupira utarudi, utasogeza moja hatua nusu, utaangalia tena. Wiki mbili alifanya hivyo tu.

Sasa anapanga hivi. Anavuta musitari na macho toka ku mupira mpaka nguzo ya karibu, mutu wa kwanza anamuweka juu ya huo musitari, kisha mumoja tena anamutoa nje kidogo, juu mupira wa kuzungusha unaanza nje ya nguzo ndipo unarudi ndani, bengine banajaza kuelekea katikati. Barefu banakaa upande wa nguzo. Yeye anachukua upande wenye umebaki, na lazima auone mupira wote, si nusu. Hapo sikubali mazungumuzo, juu shuti ya kilometa 100 kwa saa inamaliza mita 20 mu sekunde 0.7 tu, na kama mwanzo wake ulifichwa na ukuta umeshachelewa mbele hata ya kuruka.

Idadi pia ameijua. Mbele ya boksi (eneo ya penalti) katikati bane ao batano, mbali mita 30 bawili ao batatu, pembeni mumoja ao bawili, juu kila mutu unaweka mu ukuta ni mutu umetoa ku kuchunga baadui. Tulikata kamba ya mita 9.15, njo umbali wa sheria, na batoto balishangaa, kwa macho bao bote balikuwa bakiweka ukuta ku mita 7. Na muwakumbushe bakipa benu kama toka 2019, ukuta ikiwa na batu batatu ao zaidi, bashambuliaji banapaswa kukaa mbali nayo mita 1, bakijiingiza ndani kipa ana haki ya kumwita refa.

Mabaya. Chuma hairuki. Bapigaji betu balizoea haraka kupitisha juu ya mita 1.80, ku mechi bakakuta batu ba kweli banaruka bakazuia yote. Kisha miguu ilikuwa na ncha kali, mutoto mumoja alikatika ku muundi, tukazifunga na mupira ya ndani ya kinga (baiskeli), fundi yeye alipaswa kuzisaga mbele ya kutuuzia. Na upepo wa mwezi wa munane unaziangusha, weka mifuko ya muchanga. Chini tuliomba aache nafasi ya sentimita 15 na hiyo aliifanya muzuri, juu mupira wa kupita chini ya benye kuruka ni hatari ya kweli: Ronaldinho wa Barcelona alifunga hivyo juu ya Werder Bremen mu 2006, na mu 2018 Brozović wa Inter alijilaza nyuma ya ukuta kule Barcelona akazuia ya Suárez. Siku hizi ba mingi banalaza mutu, sisi pia.

Lakini jambo ya kuogopa zaidi: chuma inamupa kipa wakati mingi. Mu 2004 Čech, kipa wa Chelsea, alikuwa angali ku nguzo anapanga, Henry wa Arsenal akapiga haraka, goli, na refa alikuwa amemuruhusu. Kwa hiyo niliwapa bapigaji ruhusa ya kupiga saa yoyote bila kungoja filimbi. Kipa alifungwa mara 6 siku ya kwanza. Sasa anapanga kwa sauti na vidole akiwa katikati ya goli, ku nguzo anaenda tu kama refa amesimamisha mupira.

Na ukuta ya batu inahitaji moyo, chuma haifundishi hiyo. Batoto banaangalia video ya Mwepu Ilunga wetu wa Mazembe, Gelsenkirchen 1974, anatoka mbio mu ukuta anapiga mupira wa adhabu wa Brazil, na banacheka. Mimi nabasimamisha. Timu yao ya Zaire (njo Kongo ya leo) ilifungwa 9 na Yugoslavia siku chache mbele ya hiyo mechi, bachezaji balikuwa na shida na bakubwa ba inchi, na yeye mwenyewe alisema baadaye sheria aliijua. Yule ni mukubwa wetu, hatumucheki hapa.

Kununua? Ndiyo, lakini chukua mbili za mita 1.80 na mbili za 1.95, ya tano haitusaidii sana. Zetu mbili ndefu fundi ameshaanza, alisema nipite siku ya posho na pusupusu.