Logitech K120: inatosha kwa kompyuta ya kwanza ya nyumbani

Kwa anayepanga kompyuta ya mezani kwa mara ya kwanza, Logitech K120 ndiyo kibodi ninayoipendekeza kabla ya nyingine za bei ya chini. Ni ya waya wa USB wenye mita 1.5, ina safu kamili ya tarakimu upande wa kulia, na ukiichomeka Windows au Linux huitambua bila programu ya ziada. Zisizo na waya hupunguza nyaya mezani, lakini zinadai betri, na kile kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta kikipotea umebaki na plastiki.

Dukani, soma herufi sita za kwanza za safu ya juu. Unataka QWERTY. QWERTZ ni ya Kijerumani na AZERTY ni ya Kifaransa; kibodi za mtumba kutoka Ulaya ndizo za kukagua zaidi. Ya Uingereza ni QWERTY pia, ila Enter yake imesimama safu mbili na alama za @ na " zimebadilishana nafasi. Kisha ichomeke kwenye kompyuta, fungua Notepad, ubonyeze kila kitufe, pamoja na tarakimu zote za kulia. Angalia pia taa za Caps Lock na Num Lock.

Ukifika nyumbani, kwenye mipangilio ya lugha ya Windows chagua US, usichague United States-International. Huo wa pili, ukibonyeza ritifaa, husubiri herufi inayofuata ili uiwekee mkazo: unaandika ng'ombe, inatokea ngómbe. Wengi huilaumu kibodi na kuirudisha dukani, kumbe ni mpangilio tu.

Udhaifu wake ni ule wa kibodi zote za aina hii. Chini ya vitufe kuna vikombe vya mpira, na chini yake karatasi za plastiki zenye njia za umeme zilizochapwa. Vitufe kadhaa hutumia njia moja, ndiyo maana soda ikipenya herufi nne au tano hufa kwa mpigo. K120 ina matundu ya kutolea maji, na Logitech waliijaribu kwa umiminaji usiozidi mililita 60. Kikombe kizima cha chai kinapita hapo. Ikimwagikiwa, chomoa mara moja, igeuze kifudifudi, iache ikauke siku nzima. Maji matupu husameheka, lakini sukari hubaki ndani ikinata.

Waya haubadilishiki, kwa hiyo usiuzungushe kwa kuukaza pale unapotokea kwenye kibodi. Miguu ya nyuma ni myembamba: ikunje kabla ya kuisogeza kibodi. Unaposafisha, usiing'oe spacebar, kwani ina kichuma chini ambacho ni kazi kukirudisha.

Kwa michezo ya kubonyeza vitufe vingi kwa pamoja, tafuta nyingine.